Baba Aenda Kuangalia Nyasi

Kwetu mtu hahamishi ng'ombe kwa uvumi. Ikisikika kwamba mvua imenyesha mahali, kwanza hutumwa mtu mmoja aende akajionee: nyasi ni za aina gani, maji yatakaa hadi lini, kuna mbung'o au hakuna, nani mwingine ameshafika. Safari hiyo huitwa sahan. Anayerudi kutoka sahan haulizwi neno mlangoni. Hupewa maziwa, hukaa, hunywa, ndipo anapoulizwa, naye hueleza alichokiona bila kupunguza wala kutia chumvi, kwa sababu jamaa wote watafuata maneno yake, na akidanganya ni ng'ombe watakaokufa. Baba yangu aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, mpaka ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ukammalizia karibu mifugo yote, akaja kukaa nasi Garissa mjini.

Mjini hakuwa na la kufanya. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa anakaa kwenye mkeka mlangoni na kuwalaumu mbuzi wa majirani. Mbuzi wa Garissa wanakula katoni, na jambo hilo lilimuudhi Baba kana kwamba ni watoto wake waliokutwa wakiomba barabarani. Ng'ombe wachache waliosalimika alikuwa amemwachia mdogo wake, adeer yetu, upande wa Ijara. Basi mwaka mmoja, katikati ya muongo ule, mvua za masika zilinyesha kama zilivyokuwa zikinyesha zamani, na adeer akatuma maneno kwa dereva wa lori: ng'ombe wamezaa, wamezidi mikono yangu, kaka njoo.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Baba alitaka kwenda. Kaka yangu, aliyekuwa na kazi katika ofisi ya maji na aliyezoea kusema mambo kama anayesoma tangazo, alikataa: kuna dawa za presha, hospitali iko hapa, huko porini nani atampima? Mimi nilikataa kwa sababu nyingine. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kutazama mikono ya watoto wanaojifanya wanajua kusoma, na nilikuwa nimeiona mikono ya Baba. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, kisha anakilaumu kikombe. Daktari alishamwambia macho yake yanakwisha na hakuna miwani ya kuyarudisha, lakini Baba alirudi nyumbani akatuambia daktari amesema ni vumbi.

Mama peke yake hakukataa wala hakukubali. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Aende sahan kwanza. Akirudi nitamuuliza, kisha tutajua kama tunahama."

Tulicheka, mimi na kaka. Kisha kaka akapata wazo. Jumamosi ile alikuwa anatumwa kuangalia pampu ya kisima kimoja kusini, kwenye barabara ya kwenda Ijara, na njiani kulikuwa na hifadhi ya wanyama: mbuga ya nyasi na mabwawa ambayo serikali iliitenga kwa ajili ya swala anayeitwa hirola. Tumpeleke Baba huko, akasema. Ataona nyasi, atavuta hewa, atachoka, atarudi ametosheka. Niliuona mpango mzuri sana. Baba naye aliposikia alikubali upesi mno, na Mama alipoombwa aje nasi alitushangaa.

"Tukienda wote," alisema, "nani atapokea habari?"

Baba alianza kujiandaa tangu Alhamisi. Alipaka ndevu hina. Alitoa maawis mpya, ile nguo ya kiunoni inayovaliwa na wanaume wetu, akaikunjua na kuikunja tena. Alizipaka mafuta kandambili zake za mpira wa gari.

"Aabo," nikamtania, "unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kazini," alisema, na sikuwa nimesikia neno hilo kinywani mwake kwa miaka kadhaa.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza, kaka akiendesha, Baba mbele, mimi nyuma na chupa ya chai, anjera, tende na kopo la nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Miaka ile barabara ya kusini haikuwa ya kuchezea, kwa hiyo tulifuatana na malori mawili mpaka kwenye kibanda cha bati kilichokuwa lango la hifadhi. Hapo tukamkuta askari wa wanyamapori, kijana wa mto Tana chini, Kiswahili chake kimenyooka, bunduki begani, na furaha yote ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wageni. Aliingia nyuma pamoja nami, akaanza kutueleza kabla gari halijaondoka.

Mimi ni mtoto wa mji. Nilikuwa nimeliona pori maisha yangu yote, lakini kupitia dirisha la basi, likiwa jekundu na kavu. Sikujua kwamba linaweza kuwa vile. Nyasi zilifika kwenye boneti, zikifunguka mbele ya gari na kufunga nyuma yake. Twiga walitutazama kutoka juu ya migunga bila kuacha kutafuna. Punda milia walikimbia kidogo kwa heshima, kisha wakasimama. Na tulipofika bwawani nilisahau hata kumkumbuka Baba. Maji yalikuwa yametandaa mpaka kwenye matete, yenye mayungiyungi meupe, na ndege walikuwa wengi kiasi kwamba mtu alilazimika kupaza sauti. Yangeyange, bata, korongo wenye mataji yao ya dhahabu wakitembea wawiliwawili. Nilivua viatu nikatia miguu matopeni, mwalimu mzima. Nilikuwa na furaha, na sikutafuta sababu yake.

Baba hakutazama ndege hata mmoja. Aliinama chini. Alichuma jani, akalipitisha kati ya vidole, akalikata kwa meno, akanusa mzizi. Alichota udongo kidogo ukingoni akauonja kwa ncha ya ulimi. Aliigeuza kwa fimbo samadi ya nyati akaiangalia kwa karibu sana, pua ikikaribia kugusa, na askari akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Mzee, usiende mbali, nyati yuko karibu."

"Nyati hii ameshiba," Baba alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Askari, hii maji nakauka mwezi gani?"

"Mwaka wa mvua nzuri, bwawa halikauki mpaka mvua nyingine."

"Na mbung'o iko?"

"Kule kwenye miti, karibu na mto. Huku hakuna."

"Chumfi iko. Mimi naonja." Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa hii majani yote, nani anakula?"

"Wanyama, mzee."

"Wanyama gani? Mimi naona mengi nabakia."

Kaka alinitupia jicho. Kijana wa watu alianza kueleza kuhusu hifadhi, vizazi vijavyo, sheria, na kwamba ng'ombe hawaruhusiwi, na Baba alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamuuliza mpaka wa hifadhi uko wapi hasa, na nje ya mpaka mvua ilinyesha kiasi gani. Ndipo nilipoelewa. Sisi tulikuwa tumemleta matembezini, naye alikuwa sahan. Mbele yake palikuwa na mbuga iliyotengwa na serikali kwa ajili ya kutazamwa, naye alikuwa anaikagua kama malisho. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na kaka akakunja uso.

Baada ya kula, askari alisema sasa atatuonyesha mwenyewe mwenye nyumba. Hirola ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe kati ya macho unaomfanya aonekane amevaa miwani. Waliobaki ni wachache, na karibu wote wako huku kwetu. Kwa askari yule walikuwa fahari yake. Kwa wafugaji wa kwetu ni jambo la karibu zaidi: wazee husema palipo na hirola ng'ombe hunenepa, na mtu wa sahan akimwona hirola anakula mahali, amekwisha kupata nusu ya jibu. Kwa hiyo Baba alikaa wima. Hii ndiyo sehemu ya safari aliyoitaka.

Tuliwaona kwenye uwazi mbele ya migunga, kundi dogo, majike na dume mmoja, na ndama wawili waliosimama nyuma ya mama zao. Gari likazimwa. Askari akanyoosha mkono na kunong'ona, "Pale, mzee. Kushoto kwa ule mti mkavu."

"Nimeona," Baba alisema.

Lakini alikuwa anatazama kulia. Alikuwa anatazama kichuguu.

Kaka hakugundua, wala askari. Mimi niliona. Baba alikaa vile kwa muda, shingo imenyooka, hina ikimetameta juani, akikitazama kichuguu kwa makini yote ya kazi yake. Kisha akageuka kidogo nyuma, upande wangu. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye, kwa hiyo aliniita kama nimwitavyo, kwa sauti ya chini na kwa Kisomali.

"Aabo, wana ndama?"

"Wawili."

"Mbavu zinaonekana?"

"Hazionekani. Wamenona."

"Wanakula wakitembea au wamesimama?"

"Wamesimama. Mmoja amelala."

"Vizuri," alisema, akageukia mbele tena. Nilitaka kumshika bega, lakini kwetu hatushikani mabega ovyo, basi nikamshikia fimbo yake, iliyokuwa haianguki.

Kwenye lango kulitokea kituko. Askari alishuka, akatuaga, akamshukuru Baba kwa kumtembelea, kisha akaona fundo kwenye kiuno cha maawis. Baba alikuwa amechuma majani ya kila sehemu tuliyosimama, akayafunga humo, kwa sababu mtu wa sahan harudi mikono mitupu. Nyasi huonyeshwa.

"Samahani, mzee," askari alisema, na kwa kweli ilimuuma. "Kitu cha humu hakitoki."

"Hata jani?"

"Hata jani."

"Nyati akienda nje na tumbo limejaa, wewe nashika yeye?"

Askari hakujua acheke au asicheke. Kaka alikuwa amefumba macho kwa aibu. Lakini Baba hakubishana zaidi. Alilifungua fundo, akayalaza majani chini taratibu upande wa ndani wa lango, akapangusa mikono. Tulipoondoka akatuambia, akimsifu, kwamba kijana yule ni mlinzi wa kweli, na kama mtoto wa adeer yetu angekuwa mkali hivyo, fisi wasingewahi kupata ndama.

Kisima cha kaka kilikuwa mbele kidogo, nje ya mpaka. Wakati kaka akishughulika na pampu, Baba alitaka kushuka. Nikaenda naye, nikitembea mbele yake hatua moja bila kusema kwa nini, naye akinifuata bila kuuliza. Nyasi za huku zilikuwa fupi, maana ng'ombe wa watu walishapita, lakini zilikuwa zile zile. Aliinama tena, akagusa, akaonja. Mvua haikujua mpaka, alisema. Njiani kurudi alilala, mdomo wazi, na kaka akaninong'oneza kwa furaha kwamba mpango umefaulu, mzee ametosheka.

Tulifika nyumbani wakati wa magharibi, tukasali. Nilipoingia ndani nilisikia harufu ya moshi wa kuni, ule wa kufukizia vyombo vya maziwa, nikadhani ni wa jirani. Mama alikuwa ametandika mkeka safi. Hakuuliza kitu. Alimpa Baba maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, mikono miwili, akakaa mbele yake. Mimi na kaka tulikaa pembeni kama watu waliokwenda kutazama harusi isiyo yao. Baba alikunywa polepole mpaka akamaliza.

Ndipo Mama akasema neno moja, lile linaloombwa kila mtu atokaye mbali. "Warran." Toa habari.

Baba alibadilika. Sijui niseme vipi. Yule mzee wa mlangoni aliyegombana na mbuzi hakuwapo. Mgongo ulinyooka, na sauti ilitoka bila haraka, ikipangilia.

"Mvua imenyesha na imeshiba," alianza. "Bwawa limejaa, nimeligusa, halitakauka kabla ya mvua nyingine. Hayo ya kukauka nimeambiwa na mlinzi, nami namwamini. Chumvi ipo, nimeionja. Mbung'o wako mtoni, sikuumwa na hata mmoja. Nyasi za ndani si zetu, serikali imezifunga na mlinzi wake hachezi. Nyasi za nje ni zile zile. Fupi, lakini mizizi iko hai."

Mama alikuwa ameshika upindo wa maawis ya Baba. Pale chini, pembeni kote, kulikuwa kumeng'ang'ania mbegu za majani na miiba midogo, ambayo askari hakuiona wala Baba mwenyewe. Mama alikuwa anazibandua mojamoja, anazisugua kiganjani, anazinusa. Aliitambua ya kwanza, akaitaja jina. Akaitambua ya pili, akatabasamu, kwa sababu ndiyo inayoleta siagi.

"Na hirola?" aliuliza.

Baba alikiweka kibuyu mkekani. Nilitazama mkeka. Nilijua kwamba akisema "nimewaona," mimi sitamkanusha, kaka hatajua, na jambo litapita. Alichotakiwa ni neno moja tu, na alilitaka pori lile kuliko kitu chochote.

"Hirola wapo," Baba alisema. "Hao sikuwaona. Nilionyeshwa, nikatazama, sikuona kitu. Binti yako aliwaona, nikamuuliza, akaniambia wana ndama wawili na wamenona. Hayo ni ya kusikia. Usiyahesabu kama ya kuona."

Kaka aliinua kichwa.

"Na majani niliyoyajua, niliyajua kwa mkono na mdomo," Baba aliendelea. "Samadi niliiangalia kwa pua. Kichuguu nilikidhani ni swala. Mtu wa namna hiyo hatumwi sahan, wala haachiwi ng'ombe. Malisho ni mazuri. Aliyetumwa ndiye mbovu. Hizo ndizo habari."

Nililia, nasema wazi, machozi yalinitoka tu, na nikajifanya natafuta kikombe. Baba alikaa na mikono magotini, amechoka, lakini hakuinamisha kichwa.

Mama alimaliza mbegu zake. Alizifunga kwenye pembe ya mtandio.

"Habari zimenifikia," alisema, kama isemwavyo. "Umeeleza vizuri. Lakini kuamua si kazi ya aliyetumwa. Lori la Ijara linaondoka Jumatatu. Tutalipanda."

"Hooyo," kaka alianza, "hukusikia? Haoni. Na dawa za presha?"

"Dawa ni vidonge. Vitakuja na lori, pamoja na sukari." Alimgeukia Baba. "Mimi naona mpaka ng'ambo ya mto. Nisichojua ni nitazame wapi. Hilo utaniambia wewe."

Baba alipapasa mkeka mpaka akakipata kibuyu, akakiinua akamrudishia, na Mama akakichukua kwa mikono miwili kama alivyompa.

Nilimfuata Mama jikoni. Pale nikaona moshi ulikotoka. Vyombo vyake vyote vya kusafiri, vile vya kusukwa kwa mizizi ambavyo vilikaa juu ya kabati tangu ukame, vilikuwa vimeshushwa, vimeoshwa, vimefukizwa, vimepangwa ukutani. Kazi ile ilikuwa ya siku nzima. Aliianza, bila shaka, gari letu lilipopinda kona.

"Kwa hiyo ulishaamua," nilimwambia, na nilikuwa na hasira kidogo. "Ulijua kwamba haoni. Kwa nini basi ulimtuma?"

"Macho nilijua zamani. Nani anafuta chai ile?" Alikuwa ananusa ndani ya chombo kimoja kuhakikisha moshi umekolea. "Porini naweza kuishi na mtu asiyeona. Na anayenificha, siwezi. Nilitaka kusikia kama bado anatoa habari vile vile."

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikaenda kuwasindikiza. Kaka alifunga mizigo mwenyewe, akinung'unika, kila kamba mara mbili. Baba alipanda kwa kushikwa mkono na Mama, mbele ya watu wote wa stendi, wala hakulaumu ngazi ya lori.